Samaki Arobaini wa Bwawa la Juu

Hapo kituoni walimwita Dada Mkono, na ukimwona kazini huulizi kwa nini. Anatumbukiza mkono kwenye ndoo, anatoa perege, anambinua tumbo juu, anambonyeza kidogo kwa kidole gumba karibu na mkia, anasema "dume" au "jike", na samaki ameshaingia kwenye ndoo yake kabla wewe hujajua kichwa kilikuwa upande gani. Wenzake walipaka samaki wino wa buluu tumboni ili alama ya dume na jike ionekane, wakavaa miwani, wakabishana, na bado walichanganya. Yeye hakuchanganya. Au kama alichanganya, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia.

Kituo chenyewe kilikuwa cha kuzalisha vifaranga vya samaki. Huko chini kulikuwa na mabwawa sita ya perege walioletwa kutoka mbali, wanene, wenye haraka ya kukua, ambao wafanyakazi waliwaita wageni. Wafugaji waliokuja na mapipa yao walitaka hao hao. Juu, nyuma ya stoo ya chakula cha samaki, palikuwa na bwawa moja tu lililoingiziwa maji ya kijito cha mlimani, maji baridi kiasi kwamba ukisimama humo dakika tano huijui tena miguu yako. Humo walikaa perege weusi wadogo, wenyeji wa kijito kile tangu kabla hakujawa na kituo wala meneja. Hao ndio waliokuwa wa Dada Mkono. Miaka kumi na tano aliwalinda, na hakuna aliyempa hata pole.

Walikuwa na ajabu gani? Moja tu. Msimu wa baridi ukifika, ukungu ukilala juu ya maji, wageni wa chini walilegea, wakaota utando mweupe mgongoni, wakaelea. Wenyeji wa juu walikuja kula kama vile hakuna lililotokea. Dada Mkono aliliona hilo msimu wa kwanza, akalisema. Msimu wa pili akalisema tena. Msimu wa tatu Meneja akamjibu, "Dada, wateja wanataka samaki wa kujaa sahani," naye akafunga domo lake.

Shida ilikuwa machotara. Mvua zikizidi, mtaro wa kutolea maji ulifurika, wageni wakapanda, wenyeji wakashuka, na huko katikati mambo yakawa mambo. Watoto waliozaliwa walikuwa weusi na wadogo kama mama zao, ungeapa ni wenyeji, lakini baridi ikipiga walikufa sawasawa na baba zao. Meneja hakuwajua. Hata daktari wa mifugo aliyepita mara moja kwa mwaka hakuwajua. Dada Mkono aliwajua kwa mkia. Mgeni ana mistari mkiani, imenyooka kama ya daftari. Mwenyeji ana mkia mtupu. Chotara ana mistari inayoanza halafu inakata tamaa katikati, nayo huioni mpaka uutandaze mkia ukiwa umelowa na kuuelekeza juani. Kila baada ya mvua alivuta wavu bwawa la juu, akatandaza mkia mmoja mmoja, akawatoa machotara na kuwarudisha mtaroni. Bila hivyo, miaka michache tu wenyeji wangebaki jina.

Halafu akaja mdogo wake.

Mdogo wake wa tumbo moja, wala si wa kuokota! Aliyembeba mgongoni, aliyemfuta makamasi, ambaye siku za likizo alimchukua kazini, akamkalisha ukingoni mwa bwawa la juu na kumweleza habari za wageni na wenyeji, huku mtoto akitafuna mahindi na kuuliza maswali yasiyoisha. Mtoto akakua, akaenda chuo, akasomea nini? Samaki. Akarudi na karatasi yenye muhuri, na kazi akapewa wapi? Pale pale. Wafanyakazi wakambandika jina la Mtaalamu siku ya kwanza tu, na wala hawakuwa wanamtania.

Nyumbani kwa mama yao, walikokaa wote watatu, ile karatasi ilitiwa kwenye fremu na kupigiwa msumari sebuleni, mahali ambapo mtu akiingia hana pa kuangalia pengine. Jirani alipokuja kuazima kitu, Mama alimsimamisha.

"Huyu wangu wa mwisho ni mtaalamu wa samaki," alisema.

"Hongera mama. Na huyu mkubwa?"

"Huyu? Naye yuko huko huko samakini."

Huko huko samakini! Dada Mkono alikuwa jikoni, akalisikia, akaisugua sufuria moja mara tatu mpaka mkono ukamuuma.

Asikudanganye mtu kwamba wivu ni wa wapenzi tu. Wivu wa ndugu ndio wenyewe, kwa sababu huna pa kuupeleka. Utamwambia nani kwamba unamwonea kijicho mtoto uliyemfundisha kufunga kamba za viatu? Basi unaumeza, unakukaa kifuani, na kila mtu anasema siku hizi mbona umenuna. Dada Mkono alinuna miezi miwili mizima. Mtaalamu akicheka, roho ilimuuma. Mtaalamu akinyamaza, ilimuuma vile vile, maana aliona anajidai anafikiri.

Kikao cha Jumatatu ndicho kilichomwaga mafuta kwenye moto. Meneja alimpa Mtaalamu nafasi aseme machache, naye akasimama mbele ya wafanyakazi wote na kalamu yake, akasema kwamba samaki wa bwawa la juu ni hazina, kwamba vizazi na vizazi vimezoea maji yale, kwamba kuchanganyika na wageni kunawapotezea ule uwezo wao, kwamba kituo kiwatazame kwa jicho jingine. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mpishi wa kantini akapiga makofi.

Dada Mkono alikaa nyuma na buti zake za mpira, damu imempanda kichwani. Hazina! Miaka kumi na tano wanaitwa vidagaa vya Mkono, leo wamekuwa hazina? Maneno ni yake mwenyewe, neno kwa neno, aliyasema pale ukingoni mtoto akitafuna mahindi. Sasa yanarudi yamevaa miwani, na yanapigiwa makofi.

Baada ya kikao Mtaalamu alimfuata stoo, akamkuta anapima pumba.

"Dada, naomba unisaidie kitu. Nichagulie wenyeji arobaini, waliokomaa, safi kabisa. Jicho langu bado halijafika kwenye ile mikia."

"Wa nini?"

"Nitawaweka kwenye tangi la saruji kule uwanjani, kina kifupi, peupe. Tangi la pembeni nitaweka wageni arobaini. Maji yale yale, chakula kile kile. Baridi ikija tuone."

"Tuone nini? Wageni watakufa, wenyeji hawafi. Si nimekwambia tangu hujaota meno ya pili?"

"Umeniambia. Lakini bwawa la juu lina kina, mtu atasema wanakimbilia chini. Nataka ionekane kwenye karatasi."

"Mimi nikisema haitoshi?"

Mtaalamu akacheka, kicheko cha mtu anayedhani anataniana na dada yake. "Kwangu inatosha. Lakini Dada, wewe si karatasi."

Basi. Maneno matatu hayo, na aliyeyasema wala hakugeuka kuona yameangukia wapi, akaenda zake kutafuta kipimajoto. Dada Mkono alibaki na kopo la pumba mkononi. Si karatasi. Kweli, yeye si karatasi, maana karatasi inatiwa fremu na kupigiwa msumari sebuleni. Yeye anasimama kwenye maji ya barafu mpaka magoti yanavimba, halafu mtu anakuja msimu mmoja tu, anaandika, na jambo linakuwa lake. Watu watasema nani aligundua? Mtaalamu. Na Mkono je? Naye alikuwepo, huko huko samakini.

Saa ya chakula cha mchana, watu wote wakiwa kantini, alichukua ndoo mbili na wavu mdogo. Hakupanda bwawa la juu. Alishuka mtaroni.

Ilimchukua muda mfupi kuliko alivyotegemea, kwa sababu mtaro ulijaa samaki wa kila namna, na mkono ule ulijua kazi yake. Alimvua mmoja, akamtandaza mkia. Mwenyeji safi aliyeteremka, akamrudisha. Mwingine, mistari miwili imeanza na kukatika. Ndooni. Mwingine, mstari mmoja hafifu ambao mtu mwingine angeuita kivuli. Ndooni. Aliwachagua weusi kuliko wote, wadogo kuliko wote, wenye sura ya mama. Arobaini kamili, wote machotara, hata mmoja hakupita kimakosa. Kama kungekuwa na mtihani wa roho mbaya, angepata alama zote.

"Lo, Dada, mara hii?" Mtaalamu alisema, akawapiga picha ndooni, akamkumbatia na uvundo wake wote wa mtaro. "Sijui ningefanyaje bila wewe."

"Ndiyo kazi yangu," alijibu Dada Mkono, akaenda kunawa.

Wiki zilizofuata baridi haikuja, na kungoja kulimtesa. Mara moja moja moyo ulimwambia amwambie mwenzake ukweli, waanze upya, kwani kuna ubaya gani? Halafu anafika nyumbani anamkuta Mama amemtolea Mtaalamu sweta la kuvaa alfajiri akienda kupima maji. Sweta la nani? La Dada Mkono.

"Wewe umeshazoea baridi," Mama alisema.

Hapo moyo wa kusema ukweli uliota mbawa.

Na baridi ilipokuja, ilikuja kweli. Asubuhi tano mfululizo ukungu ulilala uwanjani, huoni stoo ukiwa langoni, na mabomba ya nje yalitoa maji ya kuuma meno. Siku ya kwanza wageni waliacha kula. Siku ya pili wale weusi nao waliacha kula, na Mtaalamu akasimama juu ya tangi lao muda mrefu. Siku ya tatu wageni kumi walielea. Siku ya nne walielea na weusi. Siku ya tano asubuhi matangi yote mawili yalikuwa meupe kwa matumbo.

Dada Mkono aliyaona kutoka langoni, na nitasema ukweli hata kama unamwaibisha: alifurahi. Furaha ilimpanda toka miguuni. Haya, andika sasa! Chukua kalamu, mtaalamu, piga na picha! Alipita mbele ya matangi taratibu, uso ameukunja wa msiba, lakini ndani anapiga vigelegele.

Mtaalamu alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tangi, na lile sweta, na kipimajoto kimemlalia mapajani. Hakuwa analia, na hilo lilimshangaza dada mtu kidogo.

"Pole mdogo wangu," alisema. "Ndiyo kazi za samaki. Leo wanaishi, kesho hawapo."

"Basi wamekwisha."

"Si nawaona. Tuwatoe kabla jua halijawapata."

"Sisemi hawa." Mtaalamu akainua macho. "Nasema wako. Wa bwawa la juu."

"Wa juu wana nini? Nimewapa chakula sasa hivi, wazima wote."

Ndipo Mtaalamu akamweleza, pole pole, kama mtu anayempa mwenzake habari ya kifo. Kwamba kabla yeye hajaajiriwa, wenye kituo walishaamua bwawa la juu likaushwe, lichimbwe zaidi, wawekwe wageni. Barua ilikuwa mezani kwa Meneja. Kwamba yeye alipoitwa kwenye usaili alioneshwa barua ile, akaomba apewe msimu mmoja tu wa baridi kuthibitisha kwamba wenyeji wana kitu ambacho wageni hawana. Wenyewe wakakubali: wakiishi, bwawa linabaki, wakifa kama wengine, linakaushwa. Meneja akamkataza asiwaambie wafanyakazi.

"Nilisema nikikwambia utakosa usingizi," alisema Mtaalamu. "Nilitaka nikuletee ikiwa tayari imekwisha vizuri. Nilikataa kazi mbili nije hapa, Dada. Sikuja kwa ajili ya Meneja."

Dada Mkono alishika bomba. "Wanakausha lini?"

"Alhamisi. Weusi walipoelea jana, Meneja alishapanga siku."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Alitazama juu, nyuma ya stoo, ambako samaki wake walikuwa wanazunguka wameshiba, hawana habari. Wangefunguliwa maji kama vyoo. Vifaranga wangekwama kwenye tope. Miaka kumi na tano ya magoti yake ingeishia kwenye mtaro, kwa wageni, na huko wakazae watoto wa mistari iliyokatika mpaka asibaki hata mmoja wa kumtandazia mkia. Na nani kafanya hivyo? Ni yeye mwenyewe, kwa mkono wake usiokosea.

"Hawa si wenyeji," alisema.

"Nini?"

"Hawa niliokupa. Niliwatoa mtaroni. Wote machotara."

Mtaalamu aliinama, akamtoa mmoja aliyekufa, akautandaza mkia wake kwa vidole viwili, akageuka kutafuta mwanga. Ukungu ulikuwa unaanza kufunguka. Alikaa hivyo, akaangalia, akachukua wa pili, akaangalia, na wa tatu.

"Hata mimi ningeona," alisema mwishowe. "Mistari ipo hapa wazi. Sikuangalia hata mmoja. Kwa sababu ni wewe uliyenipa."

Afadhali angemzaba kibao. Afadhali angemtukana mbele ya mpishi wa kantini na kituo kizima.

"Kwa nini, Dada?"

"Roho iliniuma."

"Kwa kitu gani?"

Utaanzia wapi? Fremu, sufuria, sweta, makofi. Vikiwa kifuani vilikuwa vikubwa kama nyumba, sasa akivitafuta avitaje anaona aibu, ni vitu vya mtoto. "Nilikuonea wivu," alisema. "Basi. Nilikuonea wivu tangu uliporudi, na hata sasa nakuonea."

Mtaalamu alimrudisha samaki majini, akapangusa mikono kwenye sweta. Alikuwa amepauka, lakini sauti yake ilitulia, na ule utulivu ndio uliomtisha dada yake. "Sikiliza. Nitakwenda kwa Meneja. Nitamwambia nilichota samaki mwenyewe, mtaroni, kwa ujinga, sikujua kutofautisha. Aniruhusu nirudie na wenyeji wa kweli, baridi bado ipo."

"Atakufukuza."

"Na anifukuze. Mimi na karatasi yangu nitapata pengine. Wewe ukifukuzwa hapa utakwenda wapi?"

Hakusema kwa dharau. Alisema kwa huruma, na huruma ile iliingia kama mwiba wa samaki kwenye kucha. Yaani hata hili? Elimu kachukua, mama kachukua, makofi kachukua, sasa anataka kuchukua na wema? Abebe kosa la dada yake, afukuzwe kwa ajili yake, halafu yeye Dada Mkono aishi maisha yake yote na bwawa lililookolewa na mdogo wake, kila akitia mkono majini akumbuke? Na Mama akijua siku moja, sebule yote si itajaa fremu?

"Hapana," alisema. "Hiyo huipati."

"Dada, subiri..."

Hakusubiri. Aligeuka akakazana kwenda ofisini, na aliposikia nyayo nyuma yake akaanza kukimbia. Hebu fikiria: mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, magoti mabovu, buti za mpira zimejaa maji, anakimbia uwanjani asubuhi na mapema, na nyuma yake msomi mzima kashika sweta lisimwanguke, anamwita "Dada! Dada!" Mpishi wa kantini alitoka na mwiko kuona nani anaungua. Mtaalamu alikuwa mwepesi, lakini Dada Mkono alijua njia ya mkato kati ya matangi, na alifika mlangoni kwanza. Hakubisha hodi.

Meneja alikuwa ndiyo kwanza anavua koti.

"Wale samaki weusi waliokufa ni machotara," Dada Mkono alisema, akihema kama aliyefukuzwa na nyuki. "Niliwavua mtaroni nikampa huyu nikamwambia ni wenyeji. Nilifanya makusudi. Bwawa lisikaushwe."

"Si kweli!" Mtaalamu aliingia nyuma yake. "Nilivua mimi. Sikujua kutofautisha."

"Muongo huyu. Wavu wenyewe hajui kuushika."

"Meneja, ananitetea kwa sababu mimi ni mdogo wake."

"Nani akutetee wewe!"

Meneja akawaangalia mmoja baada ya mwingine, koti bado limemning'inia bega moja. Alikuwa mtu wa wateja na sahani, lakini hakuwa mjinga. Alitoka nao mpaka kwenye tangi, akakunja suruali kama anayekwenda kufua, akamwambia Dada Mkono amwonyeshe hiyo alama ya chotara. Akaonyeshwa. Akaanza kuwatoa wale weusi mmoja mmoja na kuwatandaza mikia, na kwa kila samaki akauliza, "Na huyu?" Wakafika ishirini, wakafika thelathini. Jua lilikuwa limeshapanda alipomweka chini wa arobaini.

"Wote?" aliuliza.

"Wote," alisema Dada Mkono.

Meneja akasimama, akajipangusa magoti. "Mtaalamu, umesema ulivua bila kujua. Mtu asiyejua akichota mtaroni anapata mchanganyiko. Angepata wageni wawili watatu, wenyeji watano sita. Hapa ni arobaini kwa arobaini." Akamgeukia dada mtu. "Kituo kizima kuna mkono mmoja tu unaoweza kufanya hivi."

Na Dada Mkono, Mungu amsamehe, pamoja na woga wote na aibu yote, alijisikia kichwa kinanyanyuka kidogo. Miaka kumi na tano, na hiyo ndiyo mara ya kwanza Meneja kuusifia mkono wake.

Hakufukuzwa saa ile, kwa sababu alihitajika. Meneja alipiga simu, akaongea muda mrefu mgongo umewageukia, akarudi na jibu: bwawa lisiguswe kwanza, jaribio lirudiwe, na yeye mwenyewe asimame hapo samaki wakichaguliwa. Wakachaguliwa mchana ule ule, wenyeji arobaini wenye mikia mitupu, na wageni wengine arobaini pembeni. Baridi iliendelea siku tisa zaidi. Wageni walibaki saba. Wenyeji walikufa wawili, na wale thelathini na wanane kila asubuhi walipanda juu kudai chakula, wakimrushia Mtaalamu maji usoni. Barua mpya ikaja: bwawa la juu libaki kama lilivyo, chini ya usimamizi wa Mtaalamu. Bahasha hiyo hiyo ilikuwa na barua ya pili, fupi zaidi. Dada Mkono amalize mwezi, kisha aondoke.

"Nani atawatoa machotara mvua zikija?" Meneja alimuuliza, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa hajui. "Sisi hapa hakuna anayeweza."

Dada Mkono alijitazama mkono. Ujuzi huo ndio kitu pekee alichobaki nacho, ambacho hakikuandikwa popote na mdogo wake hakuwa nacho. Angeweza kuondoka nacho. Hakuna ambaye angemdai.

"Yeye," alisema. "Nitamfundisha."

Wakashuka mtaroni wao wawili, siku kumi mfululizo, ndoo tatu mbele yao. Mwanzoni hawakusemeshana ila mambo ya mikia. Lowesha kwanza. Usivute, tandaza. Geukia jua, siyo mimi. Mtaalamu alikosea, akakosea, akamtia chotara kwa wenyeji na mwenyeji kwa machotara, na Dada Mkono aliwahamisha bila kusema neno, na kila kosa lilimpa raha ndogo ambayo hakuitaka na hakuweza kuizuia. Nyumbani Mama aliuliza kwa nini wanarudi wamelowa wote wawili. Mtaalamu akamjibu, "Dada ananifundisha kazi." Mama akamtazama mkubwa wake kama ndiyo kwanza anamwona anaingia, akaenda kumchemshia maji ya kukanda magoti.

Siku ya kumi Mtaalamu alitandaza mikia hamsini. Dada Mkono alikaa pembeni, akafuata kila mmoja kwa macho, akingoja kosa. Ishirini, hakuna. Thelathini na tano, alisita kwenye mstari mmoja hafifu kabisa, ule wa kuitwa kivuli, akaurudisha juani, akasema, "Chotara." Na ni kweli alikuwa chotara. Hamsini, hakuna kosa.

"Vipi?" Mtaalamu aliuliza, maji yanamchuruzika mpaka viwikoni, anacheka kama alivyokuwa akicheka akiwa na mahindi mdomoni.

Roho ilimuuma Dada Mkono, ikamuuma pale pale ilipomuuma siku ile ya kikao, wala haikupungua hata chembe. Siku kumi tu! Yeye ilimchukua miaka miwili.

"Hivyo ndivyo," alisema, akatumbukiza mkono ndooni, akamtolea samaki mwingine. "Haya, na huyu?"